Kabla Hujampa Daktari Pua Yako

Mwanangu Somoe,

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba leo, baada ya sala ya alasiri, mbele ya mama yako na mbele ya jogoo ambaye hakuonyesha kujali, nimenyoa pua yangu. Wembe ulikuwa mpya. Damu haikumwagika. Wananchi wa Naipingo wanaombwa kuendelea na shughuli zao.

Sasa tuzungumze, mama yangu.

Nimekuita mama kwa sababu una jina la mama yangu, na kwa sababu nikikuita Somoe peke yake naona kama nakuagiza maji ya kunawa. Ninaandika badala ya kusema kwa sababu nimegundua jambo moja kuhusu watu: nikizungumza habari za pua wananitazama pua, na wakinitazama pua hawasikii. Hata wewe. Basi soma, halafu ukitaka kunitazama njoo unitazame, nipo hapa nje.

Habari za treni ya kwenda Mtwara, za meli, za kulinda mzigo na za kutokula vya watu usiowajua atakueleza shangazi yako Fatu mnayekwenda naye. Yeye amefika Dar es Salaam mara moja, kabla ya vita, na mpaka leo hajamaliza kurudi. Mimi nitasema habari za daktari tu, maana hizo shangazi yako hazijui, ingawa atakueleza pia.

Juzi nilikuwa nafunga gunia la ufuta, wewe na mama yako mnapepeta upande wa pili wa ukuta. Ukamwambia, "Mama, pua yangu isiporudi kama ilivyokuwa, na mimi sirudi. Nitabaki huko huko kwa watu wasionijua." Mama yako akasema, "Nyamaza, pepeta." Mimi nikaendelea kufunga kana kwamba sikusikia. Nilisikia. Lile gunia nimelifunga fundo ambalo mpaka leo limenishinda kulifungua. Hiyo ndiyo sababu ya barua hii. Mengine yote ni kuzunguka.

Nianze na pua niliyozaliwa nayo, ambayo wewe huikumbuki vizuri. Ilikuwa pua ya ukoo, pana, haina sifa yoyote. Sikuwahi kuitaja hata siku moja mpaka ilipoondoka.

Ulikuwa mtoto wa meno yanayong'oka. Wazungu wa karanga walikuwa wameanza kuangusha msitu kule Nachingwea, matrekta mawili yanavuta mnyororo mmoja na miti inalala kama mabua. Kila mtu alikwenda kushangaa miti. Hakuna aliyewauliza nyani watahamia wapi. Walihamia kwenye mahindi yetu.

Nikatega. Asubuhi moja nikamkuta nyani dume amelala mtegoni, ulimi nje. Mtu mwingine angempiga rungu kwanza ndipo aangalie. Mimi, unanijua, huangalia kwanza. Nilikuwa nimeambiwa kwamba meno ya nyani ni marefu kuliko ya mbwa, nikataka kuhakikisha. Nikainama. Nikahakikisha.

Ncha ya pua na sehemu kubwa ya matundu viliondoka naye. Mtego pia aliondoka nao.

Kidonda kilipokauka nikabaki na uso ambao watoto wa jirani waliuogopa na watu wazima waliuonea huruma, na nakuambia, hofu ya watoto ilikuwa nafuu. Nikajifunga kitambaa kama wewe unavyojifunga ushungi sasa. Nilikula nimegeukia ukuta. Sokoni nilikwenda wakati watu wameshaondoka, nikawa nanunua vilivyokataliwa na wenzangu. Mama yako alianza kuketi nami upande wa ukuta, tukawa tunautazama wote wawili kama kuna picha.

Dresa wetu Salumu, anayefunga vidonda hospitali ya Nachingwea, ndiye aliyeniambia kwamba pale amekuja daktari aliyekuwa akitengeneza nyuso za askari vitani. Ndiye huyu unayemwendea. Wagonjwa tulimwita Bwana Polepole, kwa kuwa ndilo neno la Kiswahili alilolijua na alilitumia kwa kila jambo: kukaa polepole, kupumua polepole, kupona polepole.

Alinikalisha kwenye kiti karibu na dirisha, akanishika kidevu kama mtu anayechagua tikiti maji. Akamwambia Salumu aniulize nataka nini.

"Mwambie nataka pua yangu," nikasema.

Salumu akatafsiri. Daktari akajibu maneno mengi, Salumu akayafupisha: "Anasema pua yako anayo nyani. Yeye anaweza kukutengenezea nyingine."

"Itafanana?"

"Anasema itafanana na pua."

Somoe, nimekutana na watu wengi walioniahidi mambo, wakiwemo wale waliosema karanga zitatutajirisha sote. Yule ndiye mtu wa kwanza kuniahidi kidogo kuliko alichonipa. Lakini siku ile niliona kama amenitukana. Nikajibu ndiyo kwa hasira, na kwa hasira ile sikuuliza kitu kingine. Sikuuliza ngozi itatoka wapi. Nilidhani Wazungu wanayo ya akiba stoo.

Ilitoka kwenye paji langu la uso. Wanakata ngozi ya paji kwa umbo la pua, wanaigeuza na kuishusha, lakini wanaiacha imeshikana hapa katikati ya nyusi ili damu iendelee kuifikia. Damu ndiyo inayoifanya iishi. Kwa majuma kadhaa unatembea na kitu kama mkonga kinachoshuka kati ya macho, mpaka ngozi ishike mahali pake papya. Ndipo wanalikata lile daraja. Na kwa kuwa sisi watu wa ukoo huu nywele zetu huanzia karibu na nyusi, kipande walichokichukua kilikuwa na nywele. Nywele hazikuambiwa kwamba zimehamishwa. Ndiyo maana ya wembe wangu wa kila Jumatatu. Ningeuliza, daktari angeniambia mapema. Nilipomlaumu baadaye alishangaa kweli kweli. Alidhani ndevu za puani ni jambo dogo kwa mtu aliyekuwa hana pua. Alikuwa na haki, lakini mimi ndiye ninayenyoa.

Basi muulize. Muulize atachukua nini, atakichukua wapi, na hapo atakapochukua patabaki na sura gani. Usione haya kwamba ni Mzungu na ana haraka. Hana haraka. Jina lake nimeshakuambia.

Siku ya kupasuliwa watakuambia usile wala usinywe tangu usiku. Shangazi yako atakuonea huruma, atakuletea uji amejificha chini ya kanga. Usiunywe. Nusu kaputi inalaza mwili wote isipokuwa tumbo, na tumbo likiamua kurudisha kitu wakati umelala, kinapita njia ya pumzi. Mimi nilikula muhogo mmoja wa kuchemsha, mdogo, nikasema muhogo mmoja si chakula. Waliniokoa kwa kunipindua kichwa chini kama popo. Hilo niliambiwa, mwenyewe sikuwapo.

Ukizinduka utajisikia kama umepigwa na kuzikwa nusu. Macho yatavimba, huenda yasifunguke, nawe utadhani wamekupofusha. Hawajakupofusha. Utapumua kwa mdomo kwa kuwa puani wamejaza pamba, na koo litakauka kama kibuyu. Usipenge. Usichokonoe. Lala kichwa kimeinuliwa hata kama shingo inalalamika. Jirani yako wa kitanda akikupa ugoro kwa wema wake, mshukuru, uukatae. Moshi wa tumbaku pia ukae nao mbali, unainyima ngozi mpya damu yake. Haya si mimi ninayeyasema, ni Bwana Polepole. Mimi niliyafanya yote kwanza ndipo nikamsikiliza.

Lakini kosa langu kubwa halikuwa ugoro. Lilikuwa sala.

Unajua sipendi kukosa sala. Ule mkonga ulikuwa bado mbichi, na paji la uso lilikuwa kidonda kitupu chini ya bandeji. Adhuhuri ilipofika nikajikokota mpaka kwenye ndoo. Nikatia udhu kamili kama nilivyofundishwa, na unajua udhu una kupandisha maji puani. Nikapandisha. Yalikwenda mahali ambapo maji hayajawahi kwenda. Kisha nikatandika shuka chini ya kitanda, nikasali, nikasujudu. Sasa fikiri mwenyewe sijda inavyokaa: paji chini, pua chini. Nilikuwa nimevipeleka vidonda vyangu vyote viwili sakafuni kwa pamoja. Na kwa kuwa nilikuwa na shida kubwa, nilikaa pale muda mrefu nikiomba pua ipone.

Nilipoinuka shuka lilikuwa jekundu. Salumu alipiga kelele wodi nzima ikaamka.

Kesho yake alikuja kunijulia hali Mwalimu Issa aliyenifundisha Kurani, ametoka Mkotokuyana kwa miguu. Nikadhani atanisifu.

"Umefanya nini, wewe?"

"Nimesujudu, Mwalimu."

"Nani kakuambia usujudu?"

"Mwalimu, si wewe?"

"Mimi nilikufundisha ulipokuwa mzima. Mgonjwa ana ruhusa zake. Maji yakimdhuru anatayamamu kwa udongo. Akishindwa kuinama anasali kwa ishara, amekaa au amelala, akishindwa kabisa anasali kwa macho. Mungu kakupa likizo, wewe umekuja kazini kwa nguvu!"

Wodi ikacheka, nami nikacheka, na kucheka nako kukauma. Daktari alinishona upya, lakini ukingo wa upande wa kulia ulikuwa umeshakufa, ukawa mweusi, ukadondoka. Ndiyo sababu tundu la kulia ni dogo na ndiyo ile filimbi mnayoisikia nikilala. Pua yangu ingekuwa nzuri kuliko hii, Somoe. Ilipungua kwa ubishi wangu nilioupa jina la ibada. Wewe huko utaona haya kusali umekaa mbele za watu. Usione haya. Mwalimu Issa amekwisha sema, na kama shangazi yako ana maneno aje azungumze naye.

Jambo la pili ni wageni. Kwetu mgonjwa hujuliwa hali, na aliyetembea jua kali na kuku kwapani huwezi kumnyima anachotaka kuona. Walikuja kutoka Naipingo, walikuja kutoka kwa kina mama yako, kila mmoja anakaa kitandani, anauliza habari za mvua, kisha anasema kwa sauti ya chini, "Fungua kidogo tuone." Nikawa nafungua. Wengine waligusa. Mzee mmoja alibonyeza ili ajue kama ni laini. Usaha uliofuata sikuweza kumlaumu mtu, maana kuku wao niliwala. Dar es Salaam tuna ndugu wengi, na watakuja wote. Waambie daktari amekataza. Msingizie daktari kila kitu, mabega anayo.

Ila mgeni mmoja usimzuie, akitokea wa namna yake. Mtani wangu Bakari alikuja kutoka Ruangwa na furushi la ufuta. Wote waliomtangulia walikuwa wananitazama kwa pembeni na kusema "inapendeza, inapendeza." Bakari alisimama mlangoni, akaniangalia, akatupa furushi chini.

"Mtani! Tembo wa Ruangwa wamenituma. Wanasema ndugu yao amelazwa, mbona hawakupewa taarifa?"

"Waambie wasije, wodi ni ndogo."

"Wanauliza pia kama huo mkonga unaokota karanga."

"Unaokota watani."

Akaketi, tukatukanana mpaka jioni. Tangu siku ya nyani ilikuwa mara ya kwanza mtu kunitazama usoni kwa muda mrefu bila kugeuka. Alipoondoka nilimwomba Salumu kioo. Nikajitazama. Nilikuwa nimevimba, mshono huku na huku kama gunia lililotoboka, ngozi ya pua nyeusi kuliko ya mashavu. Nikasema, haya, ndiyo huyu.

Sasa nifike siku niliyorudi nyumbani, ambayo unaikumbuka kwa namna yako nami kwa namna yangu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili yako tu. Mama yako alikuwa ameshaniona, majirani sikuwajali. Nilikununulia peremende kwa Mhindi Nachingwea. Nikaja na njia nikifanya mazoezi ya kutabasamu, maana pua mpya ilikuwa inavuta mdomo wa juu. Ukanikuta kwenye mihogo. Ukanitazama. Ukakimbia ukiita, "Bibi, kuna mtu kavaa nguo za baba!"

Ulikaa kwa bibi yako siku nyingi. Nilimwambia mama yako akulete kwa nguvu, akakataa. "Mwache," akasema, "hajui kama wewe ni wewe. Na wewe bado hujajua." Nikamkasirikia, nikaenda kulima. Jioni moja nimelala mkekani macho nimefumba, nikahisi kitu kinanigusa paji la uso, katikati, kidogo tu. Nikafikiri ni inzi, nikapunga mkono. Nikafungua macho. Ulikuwa wewe, na kidole chako hakikuwa kwenye paji. Kilikuwa puani.

Hilo daktari hakuniambia, labda hakulijua neno lake. Ngozi ile ilikuwa bado inakumbuka ilikotoka. Ukiigusa pua, mimi nasikia paji.

Nikakuambia, "Umenigusa paji la uso."

Ukasema, "Muongo. Nimekugusa pua."

"Haki ya Mungu. Gusa tena."

Ukagusa, nikaonyesha kwa kidole ninaposikia. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukaenda kuwaita wenzako: baba yangu ana pua ya uongo, njooni muone! Kesho yake mchana kutwa watoto wakapanga mstari, mmoja mmoja, nami nimefumba macho nataja mahali. Ile ile pua waliyoikimbia. Baada ya miezi hali ile ikaisha, ngozi ikasahau paji, ikawa pua kabisa. Wewe ulisikitika mchezo umeharibika. Mimi nilisikitika pia, sikukuambia.

Ninayokueleza sasa ni ya pua yako.

Siku korosho ilipopasuka kaangoni ulikuwa umeinama kuichochea, kama ambavyo wote tunainama, kama nilivyoinama mimi kwa nyani. Yale mafuta ya ganda hayana huruma. Yalikula ubavu wa kushoto wa pua, na kilichobaki kikajikunja kikavuta juu, mpaka tundu likabaki wazi. Huna kosa. Aliyekuambia kwamba msichana mwangalifu hachomwi na korosho muulize mikono yake iko wapi nimuonyeshe makovu.

Salumu alimwandikia Bwana Polepole, maana Wazungu wa karanga walipoondoka naye alihamia Dar es Salaam. Akajibu: aje nimwone, siahidi. Anafikiri atachukua kipande kidogo ukingoni mwa sikio, ngozi na ule mfupa wake laini, akishone mahali palipopungua. Mtani Bakari amekwisha kutangaza Ruangwa nzima kwamba utarudi unasikia kwa pua na wambea wa Naipingo wajihadhari.

Kipande hicho hakitakuwa na mkonga wa kukiletea damu kama changu. Kitakaa pale kama mgeni asiyejua kama atapokewa. Kwanza kitakuwa cheupe, halafu kitageuka rangi ya zambarau, na utalia ukidhani kimeoza. Huenda hakijaoza. Rangi ile ndiyo njia yake. Salumu ameniambia mara nyingi nami nimemfanya arudie. Lakini pia huenda kikafa kweli, chote au ukingo wake, na hapo daktari atasema tungoje, ngozi ipumzike, tujaribu tena. Sikuambii kwa kukutisha. Nakuambia kwa kuwa mimi sikuambiwa, na kila kilichotokea nilidhani ni mwisho.

Sikio litauma kuliko pua. Uvimbe hautaisha kwa wiki wala kwa mwezi. Asubuhi utakuwa mkubwa, jioni mdogo. Kovu litabaki, mstari mwembamba, na rangi ya kipande huenda isilingane na shavu. Daktari akitengeneza sura asisahau pumzi: mwambie ajaribu kama hewa inapita pande zote mbili. Pua inayopendeza na haipitishi hewa ni pambo, na mapambo tungeweza kukununulia hapa.

Naye atakuuliza lile swali lake, unataka nini. Hapo ndipo ninapoogopa, mama yangu, kuliko kisu.

Mama wa mchumba wako Hamisi alipokuja kutoka Nanganga alikunywa chai yangu, akasema, "Sisi hatuna haraka ya harusi. Aende, arudi, tumuone." Hamisi mwenyewe alikuwa amekaa kando anachora chini kwa kijiti. Alipokuaga alisema, "Nitasubiri," nawe ukalibeba neno hilo kama yai. Simchukii Hamisi. Ni kijana mzuri, mwenye mama. Lakini hakusema anasubiri nini, na wewe hukumuuliza, kama mimi nilivyoshindwa kumuuliza daktari ngozi itatoka wapi. Kama anakusubiri wewe, basi ungeweza kwenda Nanganga kesho na pua hiyo hiyo. Kama anasubiri pua, daktari hawezi kumshonea mtu mchumba.

Kwa hiyo daktari akikuuliza, usimjibu kwa niaba ya Nanganga. Usimjibu kwa niaba yangu pia, ingawa mimi ndiye niliyemwomba Salumu aandike. Kama unachotaka ni kula bila kugeukia ukuta, mwambie hivyo. Kama ni kupumua vizuri, mwambie. Kama ukifika pale mlangoni ukaona harufu ya dawa na ukasema hapana, sitaki, nimeizoea hii, mwambie hivyo pia, ugeuke, upande meli. Hakuna atakayekucheka hapa isipokuwa Bakari, na yeye atacheka vyovyote vile.

Lakini kurudi urudi. Hilo sikuombi kwa upole. Urudi na pua nzuri, urudi na pua ya zambarau, urudi na kipande kimekataa na sikio limepungua. Mimi nilirudi na uso ambao mwanangu mwenyewe aliukimbia, nikakaa, akaja akaugusa. Ningebaki Nachingwea kwa watu wasionijua, ningekuwa nimepata amani ya haraka sana, na kidole kile kingenipita. Ukija umevimba tutakaa upande wa ukuta, mimi, wewe na mama yako, tuutazame mpaka uchoke. Siku utakayochoka tutageuka.

Nilikuwa nimefika hapa, natafuta neno la kumalizia lenye uzito unaostahili, mama yako akaingia. Anasema una mafua tangu jana, pua inachuruzika, na ulimkataza asiniambie. Bwana Polepole hampi nusu kaputi mtu mwenye mafua. Treni nyingine ni Jumanne ijayo.

Baba yako